Kamba Niliyoiacha Mnazi

Tangu nirudi, hakuna aliyeniuliza hali ya miguu yangu. Wote mnauliza kamba iko wapi. Mwalimu Shemdoe ameuliza mara tatu, na mara ya tatu aliuliza mbele ya wanafunzi. Basi nimekaa chini niandike yote kwa mkupuo mmoja, msome kwa zamu, kisha mniache nipumzike. Kamba iko Mnazi, kule bondeni. Imefungia paa la nyumba ya mjane mmoja anayeitwa Mama Zaina, na haitarudi.

Kwa ambaye hakuwapo chumba cha walimu siku mabishano yalipoanza: mgeni mmoja aliyepita akitokea Amani alituachia gazeti kuukuu lenye picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Zilikuwa picha za jangwa la Peru, huko Amerika ya Kusini, chini ya milima ya Andes. Watu wa kale wa huko walichora juu ya ardhi tumbili, ndege na buibui wakubwa kupita uwanja wetu wa mpira, na mistari iliyonyooka maili kwa maili, kwa kuondoa tu mawe meusi ya juu ili udongo mweupe wa chini uonekane. Gazeti lilisema wako wanaoamini kwamba baadhi ya mistari inaelekea mahali jua linapochomoza siku linapofika mwisho wa kuhama kwake na kugeuka, na kwamba wataalamu wanahangaika kujua watu wale walipima kwa kipimo gani.

Shemdoe akasema watu wasio na darubini wala dira hawawezi kazi ile. Lazima walisaidiwa, pengine na viumbe wa nyota nyingine. Nilikasirika. Mpaka leo sijui kwa nini nilikasirika kiasi kile kwa ajili ya watu nisiowajua, ila maneno hayo nimeyasikia tangu utoto: kazi nzuri ikionekana kwetu, anatafutwa mtu wa mbali aliyeifanya. Uhuru tumepata, na maneno yale tumebaki nayo tunayasema wenyewe. Nikasema mbele yenu wote kwamba likizo ya mwezi wa sita nitachora mstari mimi, kwa kamba na vijiti tu, mpaka kwenye jua.

Kamba ilikuwa ya katani, na niliifunga fundo kila baada ya hatua yangu moja. Shemdoe aliitazama, akauliza, "Hatua ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Na wale wa jangwani walitumia ya nani?"

Nilicheka. Nanyi mlicheka, msijifanye mmesahau.

Lushoto mpaka Mlola

Mnajua kwa nini sikuchora hapahapa. Mwezi wa sita Lushoto jua tunalisikia redioni. Na hata ukungu ukiondoka, jua letu huchungulia nyuma ya mlima likiwa limeshapanda zamani, huwezi kusema limechomozea wapi. Nilihitaji tambarare, na tambarare iliyo wazi upande wa mashariki ni Mnazi.

Nilipanda lori la kabeji lililokuwa linarudi Mlola tupu, nikiwa na kamba begani na vijiti arobaini vya mkaratusi nilivyovipaka chokaa kichwani. Lori lilizimika kwenye kona ya tatu. Dereva alishuka, akafungua boneti, akaitazama injini kwa muda mrefu bila kugusa kitu, akafunga. Tulikaa pale muda wa saa sita. Manyunyu hayakukoma. Mama mmoja aliyekuwa na tenga la peasi alinipa mbili, akatazama vijiti vyangu, akanipa ya tatu.

"Mtaanzia wapi?" akaniuliza.

"Kuanza nini, mama?"

"Kupima."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia vijiji vya Ujamaa, na mtu mwenye kamba na vijiti vyenye chokaa alikuwa mtu mmoja tu, mpima viwanja. Nilimweleza kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilimweleza habari za Peru. Alisikiliza kwa adabu yote, mwisho akasema kwao wana mti wa mparachichi ambao angeomba usikatwe.

Mlola nilifika jua likizama, nimelowa. Mzee Kaniki, mkulima wa kahawa na mboga, alinikuta nimesimama njiani akanichukua kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba upesi upesi na kumwita mkewe. Baada ya muda nikasikia kuku anapiga kelele nyuma ya nyumba.

"Mzee, usichinje kuku kwa ajili yangu. Mimi si mpimaji. Ni mwalimu."

"Naam, naam," alisema. "Wapimaji wote mmesoma."

Nilieleza tena wakati wa kula. Alikuwa anaitikia kila neno, na kila nilipomaliza aliongeza nyama kwenye sahani yangu. Asubuhi alinionyesha shamba lake la kahawa toka mwanzo mpaka mwisho, akasema hana neno na serikali, ila miche ile aliipanda baba yake. Kuku nilikuwa nimeshamla.

Kushuka

Kutoka Mlola kwenda bondeni nilikwenda kwa miguu. Wanaosema kushuka mlima ni rahisi hawajashuka na vijiti arobaini. Magoti yalianza kutetemeka kabla ya saa nne, na kidole gumba cha kulia kilichubuka ndani ya kiatu. Joto lilikuwa linapanda kadiri nilivyoshuka, nikavua sweta, kisha shati, nikatembea na fulana.

Kila kitongoji nilichopita ilikuwa hadithi ileile. Mwanzoni nilikuwa nasimama na kueleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kishambaa, nikachora tumbili kwa kidole vumbini. Kufikia mchana nilichoka. Bwana mmoja alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye mimea ya masale aliyopanda baina yake na jirani, akataka niseme kama mpaka umenyooka. Haukuwa umenyooka hata kidogo. Jirani yake naye alikuwa amesimama upande wa pili, ananitazama usoni.

"Umenyooka," nikasema.

Wakashukuru wote wawili kwa Kishambaa. "Hongea sana, bwana mpimaji." Nilipewa mkungu mzima wa ndizi mbivu, nikaula njiani karibu wote, na sikumsahihisha mtu tena siku ile.

Nataka mkumbuke sehemu hiyo. Sikusema uongo kwa mtu yeyote kwamba mimi ni mpimaji. Niliacha tu kukanusha, kwa sababu nilikuwa nimechoka na ndizi zilikuwa tamu.

Mnazi

Nilifika siku kumi kabla ya jua kugeuka. Siku hizo jua karibu limesimama, mahali pake pa kuchomoza hapahami hata kwa upana wa jua lenyewe, kwa hiyo niliweza kuanza mapema na kuhakikisha siku yenyewe. Asubuhi ya kwanza nilisimama uwanda mtupu na kuliona likitoka ardhini, jekundu, bila mlima mbele yake. Nina miaka thelathini na tisa na sijawahi kuliona hivyo. Nilifurahi peke yangu kama mjinga.

Kunyoosha mstari ni kazi ya mtoto, Shemdoe. Unasimamisha fimbo mbili kuelekea jua. Unarudi nyuma, unasimamisha ya tatu, unafumba jicho moja na kuisogeza mpaka zote tatu zionekane fimbo moja. Unang'oa ya mbele kabisa, unaacha kijiti cha alama mahali pake, na kuendelea. Hakuna darubini. Siku ya pili nilikuwa nimeshakwenda fundo mia nne na mstari haujapinda.

Lakini niliutaka mrefu zaidi, na kwa nyuma ulipita kando ya kitongoji. Kijiti kimoja kiliangukia uani kwa Mama Zaina, hatua chache mbele ya mlango wake. Alikuwa anapepeta mahindi. Mama wa makamo ya juu, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nisimamishe kijiti changu hapa uani. Mstari wangu unapita."

Aliacha kupepeta. Alitazama kijiti, akatazama nyumba yake, akatazama kaburi lililo ubavuni mwa nyumba, limezungushiwa mawe. Baadaye nilijua ni la mumewe.

"Weka tu," alisema. "Ikishaamuliwa, sisi tutafanya nini?"

Nilisikia. Msidhani sikusikia. Nilijua kabisa ananichukulia nani, na nilijua kwamba nikianza kueleza itapita nusu saa, na jua lilikuwa kali, na kidole kinauma. Nikasema "Ahsante, mama," nikakipiga kijiti nyundo mbili.

Siku mbili kwa mgambo

Siku iliyofuata nilichukua vijiti vilivyobaki, nikafuata mstari kuelekea mashariki. Mstari uliponifikisha kwenye vichaka, vijana wawili wa mgambo walitokea na kuniamuru nikae chini. Walinipeleka kwa kamanda wao, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, akatandika mezani lile gazeti la Peru walilonikuta nalo.

"Mstari wako unaelekea wapi?"

"Kwenye jua."

"Kwenye jua la upande wa Kenya."

"Kamanda, jua mwezi huu linatokea upande ule. Si kosa langu."

Akafunua ukurasa. "Na huyu tumbili ana maana gani?"

"Hakuna anayejua."

"Umebeba kitu ambacho hakuna anayejua maana yake, ukakileta mpaka mpakani?"

Ilivyosemwa hivyo, hata mimi niliona ubaya wake. Walinilaza kwenye ghala la mahindi. Chakula kilikuwa ugali na dagaa, mara mbili kwa siku, na hawakuninyanyasa. Kamanda alikuja kila baada ya saa kadhaa kuniuliza kuhusu buibui. Siku ya pili aliniuliza kwa nini mtu anyooshe mstari mrefu kiasi kile bila sababu ya serikali, nikamwambia ni kwa sababu mwenzangu kazini alisema haiwezekani. Hilo alilielewa mara moja. Akanitoa nje akanionyesha uwanja wake wa mpira, uliokuwa umepinda upande mmoja, na vijana walikuwa wanagombana kila Jumapili mpira umetoka au haujatoka. Niliupima upya kwa kamba. Nilipomaliza alinirudishia gazeti langu na kunipa kikombe cha chai.

Nyumba

Nilirudi kitongojini siku ya tatu asubuhi, nikichechemea. Kutoka mbali niliona vijiti vyangu vyeupe vimesimama sawasawa, nikajisikia vizuri. Halafu nikaona kwamba kando ya vijiti nyasi zimefyekwa pande zote mbili. Mtu mmoja amekata migomba yake. Mwingine amerundika miti ya kujengea, anangoja kuonyeshwa kiwanja.

Na nyumba ya Mama Zaina haikuwa na uso. Paa la mbele lilikuwa chini, nyasi zimefungwa mizigo mizigo. Ukuta wa mlango umeondolewa, nguzo zimeng'olewa, mashimo yake yamefukiwa na kushindiliwa yakawa sawa na ardhi. Yeye alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta uliobaki, na vyombo vyake juu ya mkeka.

"Mama! Nani amebomoa?"

"Mimi na mtoto wa dada yangu. Tulisikia kwingine wanaochelewa huvunjiwa na watu wengine, na miti na vyungu vinavunjika humo humo. Nikasema nivunje mwenyewe taratibu." Akaonyesha kaburi. "Hilo ndilo nilitaka kukuuliza. Barabara itapita juu yake, au itakwepa?"

Nilikaa chini pale pale vumbini. Nikamwambia hakuna barabara. Nikamwambia mimi ni mwalimu kutoka Lushoto, nilikuwa nachora mstari kuelekea mahali jua linapogeukia, ili nimwonyeshe mwenzangu kwamba watu wa kale wasio na vyombo waliweza kujua mahali hapo.

Alivitazama vijiti vyangu, kimoja baada ya kingine.

"Kwa hiyo ulikuwa unachora tu."

"Nilikuwa nachora tu, mama."

"Ungeniuliza mimi," akasema. Akainuka, akanipeleka ndani ya kile kilichobaki cha nyumba yake. Karibu na ukuta wa nyuma kulikuwa na kinu kimefukiwa nusu ardhini. "Marehemu ndiye alikifukia hapa. Jua likitoka linaingia mlangoni na kugonga ukuta huu. Linahama siku hadi siku, linakuja upande huu. Likifika kwenye kinu halipiti, linarudi. Hapo nahesabu miezi minne iandame, mvua za vuli zinakuja. Alipojenga alihangaika na mlango ule msimu mzima mpaka jua likakubali."

Nimefundisha jiografia miaka kumi na minne. Nilisafiri kutoka Lushoto kwenda kuthibitisha jambo ambalo lilikuwa limeshathibitishwa ndani ya nyumba ya miti na udongo, na nilipofika nikasababisha nyumba yenyewe ibomolewe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na bado ninayo.

Siku za kujenga

Jioni ile nilisimama mbele ya watu wote nikasema kweli. Mwenye migomba alinitukana, na alikuwa na haki. Wengine walicheka mpaka wakashikana mabega. Niling'oa vijiti, isipokuwa vitano ambavyo mzee mmoja alikataa nivishike, akisema njia yao haijawahi kunyooka vile na serikali ikija itakuta wako tayari.

Tulibakiwa na siku nne kabla ya jua kugeuka, na nilitaka mlango uwe umesimama siku hiyo. Nguzo zilikuwapo. Tatizo lilikuwa mahali. Mashimo ya zamani hayakuonekana kabisa, wameyashindilia vizuri mno.

"Mama, unakumbuka mlango ulikuwa wapi?"

"Kutoka jiwe la kichwani pa kaburi mpaka mhimili wa mlango ni hatua saba. Alizipiga marehemu mbele yangu kabla hajawa marehemu, akasema, nikifa nizike hapo, hatua saba, nisikie mlango ukifunguliwa."

Hatua saba. Nilitandaza kamba yangu kutoka jiwe lile, nikahesabu mafundo saba, nikaivuta mpaka ikaimba. Nikachimba shimo hapo. Nilikuwa na hakika, na niseme kweli, hata nilijisikia fahari kidogo kwamba kamba imepata kazi ya maana.

Majirani walikuja kutusaidia, hata mwenye migomba. Tulisimamisha nguzo, tukakandika udongo. Zamu ya paa ilipofika, kamba za magome zilizofungia fito zilikuwa zimekatwakatwa wakati wa kubomoa, na za kununua hazikuwapo. Nilichukua kisu, nikaikata kamba yangu fundo kwa fundo. Nilifunga paa siku mbili, viganja vikatoka malengelenge. Mama Zaina alitupikia makande kila mchana na hakuniambia neno baya hata moja. Ningeshukuru kama angeniambia.

Asubuhi ya jua kugeuka

Nilidamka, nikamkuta ameshaketi ndani, karibu na kinu, mlango wazi. Udongo wa ukuta ulikuwa bado mbichi. Nilikaa upande wa pili.

Jua lilitoka. Liliingia mlangoni, mwanga mwembamba mwekundu, ukapita sakafuni na kupanda ukutani. Ulitulia kando ya kinu. Haukukigusa.

Mama Zaina alinyoosha kiganja, akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa kinu, na kidole cha mwisho kikafika palipoanzia mwanga. Shibiri moja.

"Hatua zilikuwa zake," alisema. "Wewe umepiga zako."

Nilimwambia nitabomoa ukuta siku hiyo hiyo. Nitauanza upya, nitausogeza shibiri moja, nitakaa mpaka likizo iishe. Akatikisa kichwa.

"Kuubomoa mara ya pili siwezi, mwanangu. Nimechoka."

Akatoka nje, akarudi na kile kijiti changu chenye chokaa kilichokuwa uani kwake. Alikisimamisha palipoangukia mwanga, akachukua mchi, akakigongomea sakafuni mpaka kikabaki kichwa tu.

"Mwakani nitatazama hapa," akasema, akaenda kuwasha moto wa chai.

Nilipanda mlima siku mbili, bila kamba wala vijiti, na hakuna aliyenichinjia kuku. Ndani ya nyumba ile sasa kuna alama mbili. Moja aliiweka mume wake, ambaye alihangaika msimu mzima mpaka jua likakubali. Nyingine ni yangu, na jua linapiga kwenye ile yangu.